Kazi ya Afya ya Mionzi na Kuielezea kwa Umma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nyanda za Juu Kusini

Maswali yafuatayo huulizwa na wanafunzi wa sekondari, wazazi wao, walimu wa fizikia na waandishi wa habari wa Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na Ruvuma. Baadhi yamejibiwa kwa kirefu na mengine kwa sentensi chache, kulingana na uzito wa jambo lenyewe. Majibu yote yanasimama juu ya imani moja ambayo mwandishi anaishikilia kwa dhati: katika taaluma hii, kupima mionzi na kumweleza mwananchi maana ya kipimo ni kazi moja, na anayefanya nusu yake hajaimaliza.

Mtaalamu wa afya ya mionzi anafanya nini hasa?

Anahakikisha kwamba watu wananufaika na mionzi bila kudhurika nayo. Watu wengi wanapomsikia hufikiria moja kwa moja yule anayewapiga picha ya eksirei hospitalini, lakini huyo ni mmoja tu katika kundi kubwa. Yupo mwanafizikia tiba, ambaye hukokotoa dozi, yaani kiasi cha mionzi, ya mgonjwa wa saratani na kuhakiki kwamba mashine inatoa kile kile ilichoagizwa kutoa. Yupo afisa usalama wa mionzi, ambaye kila kituo chenye mashine au chanzo cha mionzi kinapaswa kuwa naye. Yupo mkaguzi wa serikali, anayepita kwenye hospitali, viwanda na migodi akiwa na kipima mionzi mkononi na sheria kichwani. Yupo pia mtaalamu wa maabara, anayepokea sampuli ya maziwa, chai au udongo na kutoa jibu kwa bekereli (idadi ya atomi zinazovunjika kwa sekunde) kwa kila kilo.

Nchini Tanzania, chombo chenye dhamana ya udhibiti ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, inayofahamika kwa kifupi kama TAEC. Inafanya kazi chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya sheria ya kinga ya mionzi ya mwaka 1983.

Je, kazi hii ipo huku kwetu, au ni ya Arusha na Dar es Salaam tu?

Ipo, na ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Tuanzie hospitalini. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, hospitali za rufaa za mikoa, hospitali za misheni na vituo vingi vya binafsi vina mashine za eksirei, na baadhi vina CT-Scan. Kila mashine inahitaji leseni, chumba chenye kuta zinazozuia mionzi, wafanyakazi waliofunzwa na ukaguzi wa mara kwa mara. Upande wa tiba ya saratani, kwa miaka mingi wagonjwa wa Mbeya wamelazimika kusafiri zaidi ya kilomita 800 kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Nauli, malazi na kuacha shamba bila mtu kwa wiki kadhaa ni mzigo ambao familia nyingi zimeubeba kimya kimya. Huduma hiyo haiwezi kusogezwa karibu kwa kununua mashine peke yake, kwa sababu mashine ya tiba ya mionzi isiyokuwa na mwanafizikia tiba hairuhusiwi kumtibu mtu.

Baada ya hospitali kuna biashara ya chakula. Tangu mlipuko wa kinu cha Chernobyl tarehe 26 Aprili 1986, uliomwaga sesiamu-137, aina ya sesiamu inayotoa mionzi, juu ya mashamba na malisho ya sehemu kubwa ya Ulaya, nchi nyingi zimeweka viwango vya juu vya mionzi katika vyakula, na upimaji wa bidhaa zinazoingia na kutoka umekuwa jambo la kawaida. Tume ina ofisi ya kanda jijini Mbeya, na mpaka wa Tunduma, unaopitisha malori ya kwenda Zambia na Kongo usiku na mchana, ni mahali ambapo kazi hiyo haiishi. Chai ya Mufindi na Rungwe, kahawa ya Mbozi, na maparachichi ya Njombe na Rungwe vinatafuta wanunuzi wa mbali, na mnunuzi wa mbali huweza kutaka cheti cha vipimo. Mkulima akiuliza kwa nini parachichi lililokua Tukuyu lipimwe mionzi, anastahili kupata jibu la kueleweka na si risiti pekee.

Kisha kuna barabara na viwanda. Wakandarasi wa barabara hutumia kifaa kidogo cha kupima ushindiliaji na unyevu wa udongo, ambacho mara nyingi hubeba sesiamu-137 na amerisiamu-241. Viwanda vya saruji na vya karatasi, kokote duniani, hutumia vyanzo vya mionzi kupima ujazo wa matangi au unene wa bidhaa. Vifaa hivi ni salama vikitunzwa, na ni hatari vikiibiwa au vikitupwa, jambo tutakalolirudia chini.

Mwisho kuna ardhi yenyewe. Mlima Panda, karibu na Songwe, ni mwamba wa kabonatiti wenye madini ya niobi, na madini ya aina hiyo kwa kawaida huambatana na kiasi fulani cha urani na thori. Mgodi wowote wa chini ya ardhi, uwe wa makaa ya mawe au wa dhahabu, unaweza kukusanya gesi ya radoni, ambayo hutokana na urani iliyomo kwenye miamba. Shirika la Afya Duniani linaitaja radoni kuwa chanzo cha pili cha saratani ya mapafu baada ya uvutaji wa sigara katika nchi nyingi, na linapendekeza kiwango cha ndani ya nyumba kisizidi bekereli 100 kwa mita ya ujazo pale inapowezekana, na vyovyote iwavyo kisizidi 300. Milima yetu, yenye volkano, bonde la ufa na machimbo ya Chunya, inahitaji watu wa kuipima kwa utaratibu na kwa miaka mingi.

Nisome masomo gani: PCM au PCB?

Yote mawili yana njia. Anayetaka upimaji, maabara, udhibiti au fizikia tiba atafaa zaidi akichukua Fizikia, Kemia na Hisabati. Anayevutwa na wodi na wagonjwa, yaani radiografia au teknolojia ya tiba ya mionzi, ataingia vizuri kwa Fizikia, Kemia na Biolojia. Kisichokwepeka katika njia zote ni fizikia. Hisabati nayo isiachwe hata na wa PCB, kwa sababu jinsi mionzi inavyopungua kwa muda, jinsi inavyofifia kwa umbali na jinsi makosa ya kipimo yanavyokadiriwa ni hesabu tupu.

Mwandishi anaongeza ushauri ambao walimu wa sayansi huusahau: usidharau somo la Kiswahili. Wapo vijana wenye alama za juu za fizikia ambao hawawezi kuandika aya moja ambayo mtendaji wa kijiji ataisoma na kuielewa. Ripoti zao ni sahihi na hazimfikii mtu.

Vyuo gani vinafaa kwa kijana wa mikoa hii?

Karibu na nyumbani kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Kuna Chuo cha Afya na Sayansi Shirikishi cha Mbeya kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na Iringa kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, ambacho kimewatoa walimu wengi wa fizikia wanaofundisha katika shule zetu. Kwa fizikia yenyewe, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina historia ndefu, na kwa fani za radiolojia hospitalini kuna Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Kozi hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo soma mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), au wa baraza la elimu ya ufundi (NACTVET) kwa ngazi ya stashahada, kabla ya kujaza chochote.

Shahada ya kwanza ya fizikia haimfanyi mtu kuwa mtaalamu wa kinga ya mionzi, inampa msingi. Ujuzi mahususi huja baadaye, kazini na katika mafunzo ya juu. Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, tangu mwaka 1976, na uanachama huo unawafungulia wataalamu wetu milango ya mafunzo ya nje. Ghana imekuwa mwenyeji wa kozi ya kinga ya mionzi ya shirika hilo kwa wahitimu wa Afrika kutoka nchi zinazotumia Kiingereza. Wasichana waufahamu pia mpango wa ufadhili uliopewa jina la Marie Skłodowska-Curie, ambao IAEA iliuanzisha mwaka 2020 mahususi kwa wanawake wanaosoma shahada za uzamili katika fani za nyuklia.

Je, kazi hii haitanidhuru? Wazazi wangu wanasema sitapata watoto.

Hofu ya wazazi isipuuzwe, maana ina chimbuko la kweli. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwezi Novemba mwaka 1895, na katika miongo iliyofuata madaktari na mafundi wa kwanza walipoteza vidole, ngozi na maisha kwa sababu hawakujua walichokuwa wakikishika. Marie Curie mwenyewe alifariki mwaka 1934 kwa ugonjwa wa uboho kushindwa kutengeneza damu. Taaluma ya kinga ya mionzi ilizaliwa kutokana na misiba hiyo, na kamisheni ya kimataifa inayopendekeza viwango vya kinga hiyo ilianzishwa mwaka 1928.

Leo mfanyakazi wa mionzi hapaswi kupata zaidi ya wastani wa milisieverti 20 (kipimo kinachokadiria madhara ya mionzi mwilini) kwa mwaka katika kipindi cha miaka mitano, na katika mwaka wowote mmoja asizidi 50. Huvaa beji kifuani inayorekodi dozi yake, na beji hizo hukusanywa na kusomwa kwa vipindi vilivyopangwa. Wafanyakazi wengi wa hospitali wanaofuata utaratibu hubaki chini sana ya kikomo hicho. Silaha zao ni tatu: kupunguza muda wa kuwa karibu na chanzo, kuongeza umbali, na kuweka kizuizi. Umbali una nguvu ya ajabu, kwani ukienda mara mbili mbali na chanzo kidogo, unapata robo ya mionzi uliyokuwa ukipata.

Kuhusu watoto: ili mwanamume apungukiwe mbegu za uzazi kwa muda, korodani zake zinahitaji kupata kwa mara moja dozi inayozidi takriban miligrei 100 (grei hupima nishati ya mionzi inayofyonzwa na mwili), kiasi ambacho mfanyakazi wa kawaida hakikaribii. Mfanyakazi mwanamke anapotambua kuwa ni mjamzito anatakiwa kumjulisha msimamizi wake mapema, naye hupangiwa kazi kwa namna ambayo dozi ya mtoto aliye tumboni haitazidi milisieverti 1 kwa muda wote uliobaki wa ujauzito. Hilo ni kikomo kile kile anachowekewa mwananchi wa kawaida kwa mwaka. Msimamizi anayemshinikiza mama afiche ujauzito ili zamu zisivurugike anavunja misingi ya kazi hii, na akataliwe.

Kwa nini mawasiliano na umma yanachukuliwa kuwa sehemu ya taaluma? Si kazi ya waandishi wa habari?

Hapa ndipo kiini cha jambo kilipo, na njia bora ya kujibu ni kusimulia matukio mawili.

La kwanza ni la Goiânia, nchini Brazil. Mwezi Septemba mwaka 1987, watu wawili waliingia katika jengo la kliniki ya tiba ya mionzi iliyohama na kuacha mashine ndani, wakang'oa kichwa cha mashine na kukiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na sesiamu-137. Unga wake ulitoa mwanga wa buluu gizani, na kwa kuwa ulikuwa wa kuvutia, ndugu na majirani waligawiana. Watu 4 walifariki, akiwamo mtoto wa kike wa miaka 6, na watu 249 walikutwa na uchafuzi wa mionzi mwilini au kwenye nguo. Lakini watu takriban 112,000 walijitokeza kupimwa, katika uwanja wa michezo, kwa sababu mji mzima ulikuwa umeingiwa na hofu. Mazishi ya mtoto yule yalivurugwa na watu walioogopa kuwa kaburi lake lingewaua. Bidhaa za mkoa mzima zilikosa wanunuzi, na wakazi waliosafiri walikataliwa hotelini hadi waonyeshe cheti.

Tazama ni mambo mangapi katika msiba huo yasingetokea kama maelezo yangetangulia. Alama ya mionzi, ile ya mapanga matatu, haikumwambia lolote mtu asiyefundishwa. Ni mwaka 2007 tu ambapo IAEA na shirika la viwango la kimataifa, ISO, walitoa alama ya nyongeza kwa vyanzo vikali: pembetatu nyekundu yenye mchoro wa miale, fuvu na mtu anayekimbia, baada ya kuijaribu kwa watu wa nchi mbalimbali. Tuna wanunuzi wa vyuma chakavu Mafinga, Makambako, Uyole na Tunduma. Vijana wanaookota vyuma hivyo ni ndugu zetu, na kuwafundisha sura ya alama hizo, na kwamba chuma kizito kisicho cha kawaida chenye alama hizo hakiguswi bali huripotiwa polisi na kwa Tume, ni kazi ya afya ya mionzi kwa asilimia mia moja.

Tukio la pili halikuua mtu kwa mionzi. Tarehe 28 Machi 1979, kinu cha Three Mile Island huko Marekani kiliharibika. Kwa wastani, watu walioishi jirani walipata dozi ndogo kuliko ya picha moja ya kifua. Hata hivyo, kwa siku kadhaa kampuni, serikali ya jimbo na mamlaka ya udhibiti walitoa kauli zinazopingana. Siku ya tatu gavana akashauri wajawazito na watoto wadogo walio karibu waondoke, na watu wanaokadiriwa kufika 144,000 wakahama. Hali ilianza kutulia Rais Jimmy Carter alipomtuma Harold Denton, mhandisi wa mamlaka ya udhibiti, awe sauti moja kwa vyombo vya habari. Denton alisema alichokijua kwa lugha ya kawaida na hakuona aibu kukiri asichokijua.

Tukilinganisha matukio haya mawili tunaona kwamba hofu isiyo na mwongozo ni madhara ya kiafya yenyewe. Baada ya ajali ya Fukushima ya Machi 2011, kamati ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari za mionzi haikupata madhara ya kiafya kwa wakazi yanayoweza kuhusishwa moja kwa moja na dozi walizopata, ilhali zaidi ya vifo 2,000 mkoani humo vilihesabiwa kuwa vimetokana na adha za kuhamishwa na maisha ya ukimbizini, wengi wao wakiwa wazee. Mtu anayeamua nani ahame na nani abaki, na anayewaeleza sababu, ameshika uhai wa watu sawasawa na anayeshika kipimo.

Nikiulizwa na mwananchi "je, ni salama?" nijibuje?

Kwanza, usiseme "msiwe na wasiwasi". Kauli hiyo humfanya msikilizaji ajione mjinga, na inampa sababu ya kukuhisi unaficha jambo. Anza kwa kuuliza wasiwasi wake ni upi, kisha sikiliza hadi mwisho. Katika mkutano wa kijiji, mzee anayesimama na kuuliza kuhusu mionzi mara nyingi anauliza kuhusu jambo jingine kabisa: fidia ya shamba, maji ya mifugo, au kwa nini wageni walipima ardhi bila kupita kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ukimjibu kwa milisieverti utakuwa umejibu swali ambalo hakuliuliza. Mwanasaikolojia Paul Slovic alionyesha katika makala yake ya mwaka 1987 kwamba watu hupima hatari kwa kuangalia kama wameichagua wenyewe, kama wanaweza kuidhibiti na kama inatisha, wala si kwa idadi ya vifo pekee. Hiyo ni busara ya kibinadamu na inastahili heshima.

Pili, toa namba pamoja na kipimo cha kuilinganisha. Binadamu duniani hupata kwa wastani milisieverti 2.4 kwa mwaka kutokana na asili: ardhi, anga, radoni na chakula. Picha ya kifua ya eksirei ni takriban milisieverti 0.1 au pungufu, sawa na wiki mbili hivi za mionzi ya asili. CT-Scan ya tumbo ni takriban 10, sawa na miaka minne hivi. Mtu anayelinganishiwa hivyo ataelewa kwa nini daktari anaagiza picha ya kifua bila kusita lakini anatakiwa kufikiri vizuri kabla ya kuagiza CT-Scan ya mtoto.

Tatu, linganisha vitu vinavyolingana. Ni kweli kwamba viazi mviringo vya Njombe na ndizi za Rungwe vina potasiamu-40, na kwamba mwili wa mtu mzima una takriban bekereli 4,000 za potasiamu hiyo wakati wote. Taarifa hii inafaa sana darasani, kwa kuwa inaonyesha kwamba mionzi si jambo geni mwilini. Lakini usiitumie kumjibu mama anayehofia vumbi la mgodi, kwa sababu ndizi ameila kwa hiari na mwili wake huiweka potasiamu katika kiwango kile kile, ilhali vumbi limeletwa na mtu mwingine. Atahisi anadhihakiwa, na hisia hiyo itakuwa ya haki.

Nne, sema wazi mipaka ya elimu. Chini ya milisieverti 100 hivi, ongezeko la saratani ni dogo kiasi kwamba tafiti hupata shida kulitenga na saratani zinazotokana na sababu nyingine. Hata hivyo, kwa tahadhari, kinga ya mionzi hujengwa juu ya dhana kwamba kila dozi ina hatari fulani, hata ikiwa ndogo. Wananchi wanaelewa jambo hili vizuri wakielezwa hivyo hivyo lilivyo.

Mtu aliyepigwa eksirei anaweza kuwaambukiza wengine mionzi?

Hapana. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha, na mgonjwa hatoki na chochote. Hali ni tofauti kwa aliyenyweshwa au kudungwa dawa yenye mionzi, kama aidini-131 kwa tezi la shingo. Huyo hupewa masharti ya kukaa mbali na watoto na wajawazito kwa siku kadhaa, maana nguvu ya aidini hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8. Mjamzito anayehitaji eksirei aseme kuwa ni mjamzito. Haimaanishi atanyimwa, picha ya mguu au kifua, kwa mfano, humfikishia mtoto mionzi kidogo mno.

Vipi kuhusu minara ya simu?

Mawimbi ya minara hayana nishati ya kung'oa elektroni kwenye atomi kama eksirei ifanyavyo. Athari yake iliyothibitika ni kupasha joto, na viwango vya kimataifa vimewekwa chini sana ya hapo. Wakala wa Utafiti wa Saratani wa Shirika la Afya Duniani uliyaweka mawimbi hayo mwaka 2011 katika kundi la vitu "vinavyoweza" kusababisha saratani, kundi linalotumika pale ushahidi unapokuwa mdogo. Wananchi wakiomba mnara wa mtaani kwao upimwe, upimwe, na matokeo yasomwe mbele yao.

Mionzi isiyo ya nyuklia inayodhuru watu wengi zaidi katika milima yetu ni ya jua. Miali ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na jiji la Mbeya lipo kwenye mita 1,700 hivi. Baridi ya Juni hufanya watu wasahau kuwa jua linachoma. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi huwakatishia maisha mapema, kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu na mafuta ya kinga ni matibabu. Ningependa kila mtaalamu wa mionzi wa kanda hii alihesabu jambo hili kuwa lake, hata kama halimo kwenye leseni yoyote.

Mradi wa urani wa Mto Mkuju utaleta ajira za aina hii?

Mradi uliopo wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma, upo katika eneo lililomegwa kutoka urithi wa dunia wa Selous kwa uamuzi wa Kamati ya Urithi wa Dunia wa mwaka 2012. Uchimbaji wa urani popote unahitaji wapimaji wa vumbi na radoni, wachambuzi wa maji ya visima na mito, wasimamizi wa mabaki na watunza kumbukumbu za dozi za wafanyakazi. Kwa maoni ya mwandishi, kazi iliyo muhimu kuliko zote ni kupima hali ya maji, udongo na hewa kabla ya uchimbaji kushika kasi. Bila kumbukumbu hiyo, miaka 20 baadaye hakuna atakayeweza kumthibitishia mwanakijiji kwamba kisima chake kimebadilika au hakijabadilika, na kila upande utabaki na lake.

Kujua Kihehe, Kinyakyusa au Kibena kuna faida yoyote?

Kuna faida kubwa. Bibi wa Kilolo au Busokelo anayeelezwa kwa lugha yake kwa nini mtoto wake anapelekwa tiba ya mionzi atauliza maswali ambayo kwa Kiswahili cha hospitali angeyameza. Anza kwa salamu kama adabu ya hapo inavyotaka, kaa chini anapokaa yeye, na usitangulize karatasi ya kusaini.

Mimi ni mwandishi wa habari wa redio. Naweza kuingia bila shahada ya fizikia?

Unaweza kuwa mshirika wa thamani. Jifunze mambo matatu kabla ya kwenda hewani: tofauti ya kupigwa na mionzi na kuchafuliwa na vitu vyenye mionzi, tofauti ya bekereli, inayohesabu atomi zinazovunjika kwa sekunde, na sieverti, inayokadiria madhara mwilini, na ukali wa tukio kwa ngazi ya kimataifa, inayotoka 0 hadi 7. Uliza kila mara: ni kiasi gani, kwa muda gani, na nani alipima? Mtaalamu asiyeweza kujibu maswali hayo asipewe kipaza sauti kwa sababu ya cheo chake.

Ajira hupatikana wapi?

Nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Nje ya serikali kuna hospitali za misheni na binafsi, migodi, wakandarasi na vyuo. Nafasi si nyingi kila mwaka, na asiyesema hivyo anakudanganya. Anayepata huwa ameshafanya mazoezi kwa vitendo mahali fulani.

Nipo kidato cha pili. Nianze na nini sasa?

Mwombe mwalimu mkuu aandike barua kwa hospitali ya mkoa ili darasa lenu lioneshwe chumba cha eksirei, na muulize mtaalamu kwa nini yeye husimama nyuma ya ukuta na mgonjwa habaki huko. Tengeneza elektroskopu, kifaa kinachoonyesha chaji ya umeme, kwa chupa, waya na karatasi ya foili. Ndicho kifaa cha aina ambayo watafiti wa kwanza wa mionzi walitumia. Kisha andika kwa Kiswahili, katika ukurasa mmoja, kwa nini aidini-131 hupungua kwa nusu ndani ya siku 8 na sesiamu-137 ndani ya miaka 30, na tofauti hiyo ina maana gani kwa mtu mwenye ng'ombe wa maziwa. Wasomee wazazi wako baada ya chakula cha jioni, uandike kila swali watakalouliza, na uyapeleke maswali hayo kwa mwalimu wako wa fizikia.